Safari ya Ziwani kwa Wawili, Mmoja Hajui Kuogelea

Meli, visiwa na migomba ya Muleba: namna ya kuchagua matembezi yasiyomwacha mwenzio gatini wala kumburuza majini

Hebu tuongee ukweli, mpenzi msomaji. Mnapopanga mapumziko ya wawili mnaongea kila kitu: hoteli, nauli, nguo za jioni, hata nani atashika kamera. Kitu kimoja hakisemwi mpaka mmefika gatini na mashine ya boti inanguruma: mmoja wenu hajui kuogelea. Hapo ndipo raha inapoingia mchanga. Anayejua anaona mwenzie anajidekeza. Asiyejua anacheka kicheko cha kujikaza, anapanda, na safari nzima ameshikilia ubao wa boti kama ameushonwa. Mkirudi mjini picha zinapendeza, lakini nyumbani hakuna maongezi.

Kwenye ndoa yetu mimi ndiye nisiyejua. Ni mwanaume, halafu Mhaya, na si unajua sisi Wahaya tunavyosemwa kwa kujisikia! Kumwambia mrembo uliyemuoa juzi kwamba maji yakikufika kiunoni unaanza kusali, si kazi ndogo. Mke wangu ni mtu wa Pangani. Yeye kuogelea alijifunza kama mimi nilivyojifunza kutembea, hakumbuki hata siku.

Kwetu ni Buganguzi, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Ukiangalia ramani utaona Ziwa Victoria limeufunika upande wote wa mashariki wa mkoa, utasema hawa watu wanazaliwa na mapezi. Wapi! Buganguzi ni migomba, mibuni na maharage. Ziwa lipo, lakini ni la watu wa mwaloni. Mtoto wa kibanjani akionekana anaelekea kwenye maji, fimbo inamsubiri. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyokua: jirani na ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kilomita za mraba zipatazo 68,800, bila kujua kuelea hata dakika moja.

Kwa familia yetu kulikuwa na sababu nyingine. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba na Kemondo. Mama yangu mdogo alikuwemo. Alipandia Kemondo na ndizi zake za biashara, daraja la tatu. Meli ile ilitengenezwa kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na hesabu kamili haikupatikana kamwe, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Nilikuwa darasa la kwanza. Ninachokumbuka ni mama akisikiliza redio, akingoja orodha, na orodha isiyokuwa na jina la mdogo wake. Tangu hapo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyepanda chombo cha majini.

Kwa hiyo mwaka 2022, mke wangu aliposema anataka kwenda kuwaona wakwe kwa njia ya ziwani, "na mimi nione bahari yenu", nilimwambia yote pale pale sebuleni Dar: sijui kuogelea, na hii ndiyo hadithi ya nyumbani kwetu. Hakucheka. Alichosema ni hiki: "Basi tutachagua pamoja. Kila chombo, kila kisiwa. Ukisema hapana, ni hapana ya wote wawili." Ukitaka kujua mwenzio ni wa kusafiri naye, sikiliza atakavyojibu siku hiyo.

MASWALI MATATU YA MAMA

Desemba ile watu walikuwa bado wanaongelea ndege iliyoangukia ziwani ikijiandaa kutua Bukoba, Novemba 6, 2022. Ilikuwa na watu 43, na 19 walifariki. Waliopona wengi walishikwa mkono na wavuvi waliowahi na mitumbwi yao. Kwa hiyo hata aliyesema "mimi naruka tu" hakuwa amelikwepa ziwa. Barabara nayo, kutoka Mwanza kwenda Geita na Kagera, siku hizo ilikupitisha kwenye kivuko cha Kigongo hadi Busisi. Ukiwa na hofu ya maji, Kagera ilikuwa haikupi njia kavu ya mkato.

Nikampigia mama simu kutoka Mwanza kabla ya kukata tiketi. Nilijua angekataa. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza mambo matatu.

"Ni chombo gani?"

"Wanaandika majina?"

"Mtafika saa ngapi?"

Nikamjibu. Meli ni MV Victoria, ile ya zamani iliyoanza kazi ziwani mwanzoni mwa miaka ya 60, ikasimama mwaka 2014, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020 ikiwa na jina jipya, New Victoria Hapa Kazi Tu, na uwezo wa abiria 1,200. Majina wanaandika, kitambulisho wanaangalia. Tutashuka Kemondo asubuhi. Mama akasema, "Haya. Mkishuka unipigie. Sitalala."

Sikujua wakati ule, lakini mama alikuwa amenipa kipimo kizima cha kuchagua matembezi ya majini. Chombo gani, majina yameandikwa, tunafika saa ngapi. Mimi nikaongeza la nne langu mwenyewe: nitapandaje na kushukaje? Kwa mtu asiyejua kuogelea, hatari kubwa na aibu kubwa ziko pale pa kuingia na kutoka, si katikati ya maji.

USIKU MMOJA MELINI

Nianze na habari njema. Kwa wapenzi ambao mmoja hajui kuogelea, meli kubwa ni rafiki kuliko boti dogo. Unapanda kwa ngazi kutoka gatini, viatu vikavu. Una kitanda, una mlango, una mahali pa kukaa mkanywa chai mkiangalia taa za Mwanza zinabaki nyuma. Tulikata chumba cha wawili. Baada ya kuweka mabegi, mke wangu akanishika mkono tukazunguka meli kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga. Majaketi ya kujiokolea yako wapi? Maboti ya uokoaji je? Kutoka chumbani kwetu, gizani, njia ya kwenda juu ni ipi? Tukaitembea mara mbili. Dakika 10 tu, lakini baada ya hapo mabega yangu yalishuka.

Jambo jingine la kulijua: kwenye Ziwa Victoria radi na mvua kubwa hupenda usiku, kwa sababu upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa na kunyanyua mawingu. Ndiyo maana Bukoba mvua hushuka sana alfajiri na asubuhi. Wazee wetu walisema ni Mugasha huyo, mwenye ziwa na tufani, anajinyoosha. Kwa hiyo kabla ya kusafiri sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanatoa na wa maziwa. Ukisikia upepo mkali na mawimbi makubwa, kubali kulala Mwanza siku moja zaidi. Sato wa kuchoma wa Mwanza hajawahi kumuua mtu kwa kuchelewa.

Usiku huo ziwa lilikuwa tulivu. Asubuhi ukungu ukafunguka na Kemondo ikaonekana, gati na malori yanayosubiri mizigo. Nilisimama pale kidogo. Ni kwenye gati ile mama mdogo alipandia. Mke wangu hakusema kitu, alichukua begi langu akalibeba yeye. Nikampigia mama: tumeshuka. Akajibu neno moja tu la Kihaya, waitu, halafu akakata. Nadhani alikwenda kulala.

BUGANGUZI: MATEMBEZI YASIYOHITAJI BOYA

Watu wengi wakisikia safari ya ziwani wanadhani raha yote iko majini. Matokeo yake asiyejua kuogelea anaonekana kama anakosa sherehe. Ukweli ni kwamba sehemu tamu ya safari yetu ilikuwa nchi kavu, na naomba msiifanye kuwa ya akiba. Ipangeni kwanza.

Kutoka Kemondo tulishika barabara ya Muleba, kisha tukapanda kuelekea kwetu. Mke wangu alizoea minazi, akashangaa nyumba zinavyojificha ndani ya migomba hadi unaona moshi tu. Desemba ni msimu wa senene. Watu wanawanasa usiku kwa taa kali na mabati, mchana kila baraza lina sinia na mikono inanyonyoa mabawa. Bibi harusi wa Kipwani alikaa chini na shangazi zangu, akanyonyoa, akaonja. Akasema wanafanana na dagaa wa kukaanga waliosoma. Kijiji kizima kilimpenda kuanzia hapo.

Alifundishwa kumenya ndizi bila kuchafuka utomvu. Alipewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani ya viungo zikakaushwa, ambazo Mhaya humpa mgeni kabla ya neno lolote. Alionja rubisi, akauliza mara mbili kama kweli imetokana na ndizi. Mama alimwangalia tu, anatabasamu kwa mbali. Jioni akamwita pembeni, wakakaa muda mrefu. Baadaye nikamuuliza mke wangu waliongea nini. "Kaniuliza kama wewe ukidondoka majini, nitakuvuta?" Ukamjibu nini? "Nimemwambia, mama, mimi sitamruhusu apande chombo ambacho akidondoka mtu wa kumvuta ni mimi peke yangu."

Kama hamna ukwe wa kutembelea, Muleba na Bukoba bado zina ya kuona kwa miguu mikavu. Katuruka, maeneo ya Maruku karibu na Bukoba, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua ushahidi kwamba watu wa huku walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mjini Bukoba kuna kanisa kuu la Katoliki ambamo amezikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali, mwaka 1960, naye alikuwa mtoto wa Kagera. Wanaopenda wanyama wana Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, kilomita za mraba 4,707. Humo Ziwa Burigi unalitazama ukiwa kwenye gari, kiyoyozi kinapuliza, hakuna anayekuuliza kama unajua kupiga mbizi.

MUSIRA: SIKU TULIYOSEMA HAPANA

Ukisimama ufukweni Bukoba, kisiwa cha Musira kiko mbele yako, mwamba mkubwa umeinuka majini. Kila mgeni anakitamani. Mke wangu alikitamani kuliko wote, na mimi, nisiwe mwongo, nilikitamani pia.

Tulikwenda mwaloni mchana. Mtumbwi wa mashine ulikuwa unajaza watu. Nikahesabu: watu 14, magunia, baiskeli moja, na majaketi 9. Kijana wa mtumbwi akasema, "Bosi, ni hapo tu, unakuona." Nikauliza majina yanaandikwa wapi, akacheka. Nikauliza tunarudi saa ngapi, akasema tukijaa.

Maswali matatu ya mama, majibu matatu mabovu. Nikamgeukia mke wangu, nikijua kwamba yeye angeweza kwenda. Pangani nzima inamjua majini. Akawa anaangalia ziwa. Halafu akasema kitu ambacho nimekitumia kuwatuliza wanaume wengi wasiojua kuogelea: "Mimi najua bahari. Maji ya chumvi yanakunyanyua, na mkondo wa kwetu naujua. Haya ni maji baridi, hayana chumvi, na sijui chini kuna nini. Hapa na mimi ni mgeni." Tukamshukuru kijana, tukaenda kula kuku wa kienyeji.

Ni kweli kabisa anachosema. Maji yasiyo na chumvi hayakuinui kama ya bahari, na mtu aliyejifunza kwenye chumvi anachoka upesi asipotegemea. Watu wanaozama hawazami wote kwa kutojua kuogelea. Wengine wanazama kwa kuamini wanajua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 pekee, watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji. Na kumbukeni MV Nyerere, Septemba 20, 2018, kule Ukara. Kivuko kile kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika gatini, zaidi ya watu 220 wakapotea. "Ni hapo tu" ni maneno yaliyoua watu wengi kwenye ziwa hili.

Asubuhi ya pili tulitafuta boti nyingine, tukalipia zaidi kidogo ili tukae sita tu. Mwenye boti aliandika majina kwenye daftari, nakala akamwachia mtu wa nchi kavu. Mvua ya alfajiri ilikuwa bado inanyesha, akasema tusubiri ikate. Mtu anayekuambia usubiri, mpe hela yako. Alitugawia majaketi tukiwa bado mchangani, akakaza kamba za langu mwenyewe mpaka nikashindwa kuinama. Tulitoka saa 4 asubuhi, tukawa tumerudi kabla ya saa 8. Kushuka Musira ni kukanyaga mawe yenye utelezi, wakanishika mikono pande mbili kama bwana harusi. Nilipokaa juu ya mwamba ule na kuiona Bukoba yote upande wa pili, vilima na mabati yanang'aa, nilielewa kwa nini watu wanavuka maji.

RUBONDO: MAHALI AMBAPO HAKUNA ANAYEOGELEA

Wakati wa kurudi tulipita barabara ya Chato ili tuone Kisiwa cha Rubondo. Hii ndiyo siri yangu kwa wapenzi wa aina yetu. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, kilomita za mraba 457 pamoja na maji yake, na majini humo kuna mamba na viboko. Kwa hiyo hakuna wa kuogelea. Bingwa wa Pangani na mtoto wa migomba mnalingana! Hakuna anayebaki ufukweni analinda viatu vya wenzake.

Mnafanya nini basi? Mnatembea msituni na askari wa hifadhi. Mnatafuta sokwe, wajukuu wa wale walioletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 kutoka bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, wakaachiwa wajifunze upya kuishi porini. Mnaona nzohe, yule swala wa kwenye majimaji, tembo, twiga na ndege wengi. Chagueni kuvukia Kasenda, upande wa Chato, badala ya Nkome upande wa Geita, maana kipande cha maji ni kifupi zaidi. Ulizieni boti ya hifadhi mapema, kwa simu, kabla hamjafunga mabegi.

Onyo dogo kwa wote, hata pale ziwani kusikokuwa na mamba. Asiyejua kuogelea huambiwa, "Wewe simama hapa pembeni, maji ya magoti tu." Kumbe pembeni, penye matete na maji yaliyotulia, ndipo konokono wa kichocho wanapokaa. Vijidudu vyake vinaingia kupitia ngozi, huna haja ya kumeza maji. Kama umeingia, nenda hospitali ukapime baada ya wiki kadhaa hata kama hujisikii vibaya. Dawa ipo na inatibu.

Tulivuka Busisi kwa kivuko, tukiwa tumeshuka kwenye gari na kusimama nje. Ninyi mtakaokwenda sasa mna bahati: tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji. Mwenzi anayeogopa vyombo anaweza kutoka Mwanza hadi Buganguzi kwa matairi mwanzo mwisho.

NA WALE WA ZANZIBAR NA MOMBASA

Kanuni ni ile ile mkiwa kwenye meli za kitalii zinazotia nanga pwani, ambako mnapewa orodha ndefu ya matembezi ya siku moja. Msichague kwa picha. Zanzibar, Mji Mkongwe mnautembea kwa miguu, mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kindichi mnanusa karafuu na mdalasini, Jozani mnaona kima punju, wote nchi kavu. Changuu, penye kobe wakubwa wa asili ya Shelisheli, ni boti fupi, lakini uliza kama mnashukia gatini au majini. Kuwafuata pomboo Kizimkazi na kupiga mbizi Mnemba ni kurukia maji ya kina. Hayo yaacheni, au aende mmoja kwa makubaliano, na mwingine awe na mpango wake wa maana. Mombasa mna Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, na Haller Park yenye twiga na viboko. Siku inajaa bila kulowana.

KABLA HAMJATOA HELA

Ulizeni haya, na mwenye boti akikasirika mmeshapata jibu.

1. Ni chombo gani, na kimeruhusiwa kubeba wangapi? Vyombo vinavyobeba abiria vinasimamiwa na TASAC, hivyo cheti kipo au hakipo. Mkifika, hesabuni vichwa wenyewe.

2. Majina yanaandikwa? Kama hayaandikwi, mtumieni ndugu ujumbe: tumepanda chombo fulani, mwalo fulani, saa fulani, tupo wangapi.

3. Tunarudi saa ngapi, na mvua ikija inakuwaje? Jibu zuri ni saa kamili na neno "tutasubiri".

4. Tunapanda na kushuka wapi? Gati, ngazi, mawe, au maji ya kiuno? Kiuno cha nani?

5. Majaketi mangapi, na yapo ya saizi yangu? Livae ukiwa nchi kavu, kaza kamba zote. Jaketi linalokaliwa kama mto halimwokoi mtu.

6. Mmoja akibaki, atafanya nini cha raha? Kama jibu ni "atatusubiri", tafuteni matembezi mengine.

KWA WEWE UNAYEJUA KUOGELEA

Neno la mwisho ni lako. Usimwambie mwenzio "niamini tu, nitakushika". Ndani ya maji mtu mwenye hofu anamkumbatia anayemwokoa, na wote wawili wanakwenda chini. Imani yake ijenge kabla, gatini, kwa kumwacha aulize maswali yake yote bila wewe kutazama saa. Usimtanie mbele ya watu. Na akisema hapana, isiwe hapana yake peke yake, iwe yenu.

Na wewe usiyejua, usikae na ujinga huo milele. Mimi nimeanza, kwenye bwawa la hoteli Dar, Jumamosi asubuhi watoto wakiwa bado wamelala wasinicheke. Nimefikia kuelea kwa mgongo. Mwalimu anasema nitafika. Lakini hata siku nitakayovuka bwawa zima, mwaloni nitauliza maswali yale yale. Mama bado anauliza kila tunaposafiri, na mke wangu siku hizi humjibu kabla sijashika simu: chombo hiki, majina yameandikwa, saa 8 tutakuwa nchi kavu.